Juu ya Neno "Si Lazima" Katika Karatasi za Maombi

Wasomaji wetu, yako maneno mawili madogo ambayo kila mwaka, wakati kahawa inapoanikwa, huingia katika nyumba zetu hapa Ruanda na kufanya hasara isiyopungua ile ya chulebuni katika mibuni. Maneno hayo ni "si lazima". Kijana amemaliza kidato cha sita, matokeo yametoka, jamaa wamefurahi. Naye aketi mbele ya maombi ya chuo na maombi ya mkopo, aona mahali palipoandikwa kwamba ajaze kama yamhusu, ama aambatishe karatasi fulani kama anayo. Ndipo wote walio karibu naye husema kwa sauti moja, "Hapo si lazima, pita." Naye hupita. Sisi twaandika ili kusema kwamba shauri hilo ni baya, na ya kuwa wanaolitoa, hata wakiwa wazee wenye heshima, hata wakiwa walimu wenzetu, wanawapoteza vijana.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa jirani zetu alipata alama nzuri, na chuo kikuu kikampokea pasipo shida. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa darasa la tano. Mama alimlea kwa ekari moja ya kahawa na kwa vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Kijana alikwenda mjini kujaziwa maombi ya mkopo katika kibanda cha stesheneri. Walipofika mahali pa kueleza habari za wazazi, mwenye kibanda alimwuliza, "Cheti cha kifo cha baba kipo?" Akajibu, "Hakipo, kaka." Yule akasema, "Basi tuandike yu hai, maana nikiandika amefariki nitadaiwa namba ya cheti, na watu wamepanga foleni." Wakaandika hivyo. Mtu tuliyemzika mbele ya macho yetu, tukamwimbia na kumfukia, akafufuliwa katika karatasi kwa sababu ya haraka ya mmoja na woga wa mwingine. Majina ya waliopewa mkopo yalipotoka, kundi moja baada ya jingine, la kijana wetu halikuwamo. Mama aliuza mbuzi wake wote. Fedha zikatosha nauli na godoro, ada hazikuigusa. Kabla ya Krismasi kijana alikuwa amerudi, akishika jembe.

Watu wengi kijijini walisema Bodi ya Mikopo imemwonea yatima. Sisi twasema la. Bodi haikumwona yatima. Iliona kijana mwenye baba na mama, tena wote wawili wazima wa afya, maana ndivyo alivyoiambia mwenyewe.

Twajua shauri la kupita limetoka wapi, wala hatuwadharau waliotuachia. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, na kwa miaka mingi baada ya hapo aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu alilipiwa na serikali. Hakuna aliyemwuliza kama nyumba yao ni ya nyasi au ya bati. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamuru kwamba aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na barua ya mwajiri na ya chama zinazoeleza mwenendo wake. Sharti hilo liliondolewa zamani, lakini lilikuwa na nguvu katika siku zake, na wazee wetu waliolipitia walijifunza neno moja nalo ni hili: wewe jibu ulichoulizwa, wakubwa ndio watakaokusemea. Shauri hilo liliwafaa. Mtu aliyepewa kila kitu na serikali hakuwa na haja ya kueleza umaskini wake, na mtu aliyesemewa na chama hakuwa na haja ya kujisemea.

Lakini mambo yamegeuka. Katika miaka ya 1990 gharama za elimu ya juu zilianza kugawanywa kati ya serikali na wazazi. Kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, nayo ikaja na swali ambalo baba zetu hawakuulizwa: nyumbani kwenu mna nini? Mzee anayemwambia mjukuu wake leo kwamba ajibu machache anampa ramani ya njia iliyokwisha kuota majani.

Hapa yatupasa kutenganisha karatasi mbili ambazo vijana wetu huzichanganya, kwa sababu zinaombwa katika majira yale yale na mara nyingi katika kibanda kile kile. Ya kwanza ni maombi ya chuo. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 kijana huomba chuoni moja kwa moja, na Tume ya Vyuo Vikuu husimamia. Katika karatasi hiyo kinachotazamwa ni alama. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye kutaka shahada hupaswa kuwa na masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha juu yenye jumla ya pointi 4 angalau, kisha kila masomo yana masharti yake zaidi ya hayo. Ndiyo kusema kwamba hapa ya ziada hayana kazi kubwa. Mwaka jana tulimkuta binti mmoja akihangaika kupiga picha cheti cha kwaya, cheti cha semina ya siku mbili na barua ya pongezi ya mashindano ya mbio, apate kuvipeleka chuoni. Tulimwambia aviweke nyumbani vizuri, awaonyeshe watoto wake. Kwaya yetu ni nzuri, nasi twaipenda, ila haijawahi kugeuza D ya fizikia kuwa C.

Karatasi ya pili ni ya mkopo, na hapo ndipo ya ziada yanapokuwa mambo yenyewe. Bodi imekaa Dar es Salaam. Haitapanda basi kuja Ruanda kuona paa linalovuja, wala haitamwuliza jirani kama kweli mama yule hula mlo mmoja. Ina macho ya karatasi tu. Alichokiandika mwombaji na kukithibitisha, inakiona. Alichokipita, kwa Bodi hakipo duniani. Tena angalieni ni mahali gani panapoandikwa "kama yakuhusu": ni mahali pa yatima, pa mwenye ulemavu, pa aliyesomeshwa kwa msaada, na pa mtoto wa kaya iliyoandikishwa TASAF. Mtoto wa tajiri hupita hapo bila hasara, maana hana la kuandika. Mtoto wa maskini akipita, ameruka mistari ile ile iliyowekwa kwa ajili yake.

Katika hayo manne, lile linalotuumiza zaidi ni la yatima, kwa sababu kosa lake haliko kwa kijana. Liko kwetu sisi watu wazima. Sheria yataka kifo kitolewe taarifa katika muda wa siku 30. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali huandika. Kikitokea nyumbani, jamaa humwendea mtendaji wa kijiji au wa kata, kisha habari hupelekwa kwa msajili wa wilaya, ambaye kwetu yuko Vwawa. Kazi hiyo haimshindi mtu. Lakini tazameni tunavyofanya. Mtu akifa, kabla jua halijachwa daftari la rambirambi limekwisha funguliwa. Kijana mwenye mwandiko mzuri amewekwa mezani, naye anaandika: fulani, shilingi 2,000, fulani, debe la mahindi, fulani, kuni mzigo mmoja. Daftari hilo latunzwa sandukuni miaka ishirini ili ijulikane nani tunamdai machozi. Lakini kifo chenyewe, kilichotufanya tulifungue daftari, hakikuandikwa mahali popote. Twaweza kumwambia mgeni nani alileta debe la mahindi katika msiba wa mwaka 2015, wala hatuwezi kumthibitishia kwamba msiba ulikuwapo.

Wengine hujitetea wakisema cheti cha kifo ni cha watu wenye fedha benki, au cha wanaogombania mirathi. Mwenye ekari moja cha nini? Twawajibu kwamba ekari moja haina haja nacho, lakini mtoto wa darasa la tano aliyesimama kando ya kaburi atakuwa na haja nacho baada ya miaka kama tisa, naye siku hiyo hana habari. Mjomba wake anayo, au yampasa kuwa nayo. Wako na wanaosema ni vibaya kufuatilia karatasi za marehemu mapema, kana kwamba tunaona haraka kumfuta. Hilo twalielewa, ni neno la heshima. Lakini siku 30 si kesho yake, matanga yamekwisha kuondolewa.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina habari inayofanana, ingawa hicho ni cha lazima, hatutakaa nacho sana. Mwaka 2013, wilaya yetu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, maana Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, Wakala wa usajili, yaani RITA, ulileta mpango wa kuwapa vyeti bila malipo watoto walio chini ya miaka mitano. Waliozaliwa mwaka 2006 au 2007 walikuwa wameupita umri huo, nao ndio waliofika vyuoni katika miaka hii. Wengi wao hukimbizana na vyeti mwezi wa Julai, wakati ofisi zimejaa. Hapa vitabu vya kanisa vina msaada, kwa kuwa cheti cha ubatizo hukubaliwa pamoja na karatasi nyingine, kama kadi ya kliniki au cheti cha darasa la saba, katika kuandikisha uzazi uliochelewa. Ila jina liwe moja. Mtoto akiitwa jina la babu shuleni, jina la ubatizo kanisani na jina la tatu katika kadi ya kliniki, atalazimika kula kiapo kwamba watu hao watatu ni yeye.

Jambo la pili ambalo twataka kukaa nalo ni barua ya ufadhili, kwa kuwa lawaangukia hasa watoto wa makanisa. Bodi hutazama kijana alisoma wapi sekondari na ada ya shule hiyo ilikuwa kiasi gani. Ni hesabu ya haki: aliyeweza kulipa ada kubwa miaka sita hawezi kujiita maskini mwaka wa saba. Sasa mfikirini binti aliyeshinda vizuri darasa la saba, marafiki wa kanisa wakamchukua na kumlipia katika shule ya bweni ya binafsi. Nyumbani kwao mama huuza maandazi. Katika karatasi ya Bodi, binti huyu asipoambatisha barua ya wale waliomlipia, ni mtoto wa mtu mwenye mamilioni. Msaada aliopewa kwa wema hugeuka kuwa shahidi wa uongo juu yake.

Twamjua aliyepatwa na hayo. Tulipomwuliza mama yake kwa nini barua haikupelekwa, alijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tuliona tusijitangaze kwamba tulisaidiwa." Hatukumkemea, aibu ya maskini ni kitu kizito, na waliofanya iwe nzito ni sisi tunaonyoosha vidole. Walakini yatupasa kusema wazi. Kuficha kwamba ulisaidiwa si unyenyekevu. Ni kumwacha msomaji wa karatasi aamini kwamba ulijilipia. Tena barua hiyo ina tabia ya kupotea. Wafadhili huhama, wazee wa kanisa hubadilishwa, daftari la malipo huliwa na mchwa. Ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ilimzungusha kijana majuma matano, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, kwa ajili ya barua ya mistari sita, na barua ilipotoka dirisha la maombi lilikuwa limekwisha fungwa. Kwa hiyo twawaambia wanafunzi walio kidato cha sita sasa: iombeni barua hiyo mkiwa bado shuleni, mhasibu angali anawajua kwa sura. Na wanaosomesha watoto wa watu, wema wao haujakamilika mpaka wameuandika na kuutia mhuri.

Habari ya ulemavu twaweza kuisema kwa ufupi. Kuna fomu yake, nayo huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Wazazi wengi huiogopa, wakidhani chuo kitamkataa mtoto asiyesikia vema au asiyeona mbali. Mtoto yule yule alifanya mtihani wa taifa kwa karatasi yenye maandishi makubwa, kwa kuwa mwalimu wake alisema mapema. Huko chuoni nani atasema, akiwa katika ukumbi wa watu mia tatu, ameketi nyuma? Aliyenyamaza katika karatasi atanyamaza na ukumbini. Habari ya TASAF ni fupi zaidi: kaya yenu ikiwa na namba, iandikeni. Wako vijana wanaoona haya kwa namba hiyo na huku walikula unga ulionunuliwa kwa fedha zake.

Sasa twageukia upande wa pili, maana wako watakaotushangilia kwa sababu isiyo yetu. Ikiwa mistari ya hiari ina nguvu hivyo, watasema, basi na tuijaze yote! Mtu mwenye ekari kumi za kahawa na gari la kubebea mizigo la kwenda Tunduma atampeleka mwanawe kwa baba mdogo, aandikwe kuwa mlezi. Mtendaji atapewa cha chai, mhuri utagongwa. Tumesikia mzee mmoja akijigamba kilabuni kwamba yeye "amekufa mara mbili" kwa ajili ya watoto wake wawili, na watu wakacheka. Sisi hatukucheka. Fedha za mkopo zina mwisho. Kila mwaka serikali hutenga kiasi, kikiisha kimeisha. Yatima wa uongo hamnyang'anyi mtu wa Dar es Salaam asiyemjua. Amnyang'anya yule wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Zaidi ya hayo ni kosa kwa sheria, na mtendaji aliyegonga mhuri ameshiriki.

Mwizi huyo na mwenye haya, ijapokuwa hawafanani, wamekosea neno moja. Wote wawili hudhani mistari ile ni mahali pa kuombea huruma. Mwenye haya huikimbia huruma, mwizi huitafuta. Kumbe ni mahali pa ushahidi tu. Ndiyo sababu hatupendi pia zile barua ndefu za machozi ambazo vijana wengine huandikiwa na watu wenye maneno mengi, zinazoanza na kuzaliwa usiku wa mvua na kumaliza na kupiga magoti. Msomaji wake ana barua elfu mezani. Palipo na nafasi ya kueleza, kijana aandike hivi: Baba yangu alifariki Machi 2016, namba ya cheti ni hii. Mama ni mkulima wa ekari moja. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ililipwa na fulani, barua nimeiambatisha. Basi. Maneno hayo machache yana nguvu kuliko kurasa mbili za kilio, kwa sababu kila moja lina karatasi nyuma yake.

Vijana hutuuliza, "Mwalimu, nitajuaje lipi la kuandika na lipi la kuacha?" Twawajibu: fikiri mtu asiyekujua akisoma karatasi yako bila neno hilo, je, atakuamini vibaya? Kama ndiyo, liandike. Kama atakujua vile vile, liache, hata likiwa la kukupendeza. Na kama ni la kuandikwa lakini hakuna wa kulithibitisha, usilipite wala usilibuni. Simama, nenda katafute uthibitisho kwanza. Hapo ndipo kazi ilipo, wala si kazi ya kibanda cha stesheneri. Ni ya miezi sita kabla.

Kanuni hiyo haiishii kwetu. Vijana wachache wa huku siku hizi hujaribu vyuo vya nchi za nje, na huko shida huonekana kwa umbo jingine. Katika karatasi ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani kuna nafasi iliyoachwa wazi kwa habari za ziada, kwa mwenye kutaka. Zamani iliruhusu maneno 650. Tangu mwaka 2025 imepunguzwa ikawa 300. Wako walioijaza sifa zao mara ya pili. Lakini kijana wa shule iliyokaa mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia, akaieleza kwa mistari minne, ameitumia kama ilivyokusudiwa. Maana mtu wa ng'ambo akiiona D yake bila neno hilo atadhani ni uvivu. Na shirika la Kijapani la Ashinaga, linalowasomesha ng'ambo vijana wa Afrika waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, nalo haliwezi kumsaidia yatima asiyeonyesha kwamba ni yatima. Hivyo daftari la rambirambi la Ruanda limeweza kumfungia mtoto mlango wa Dar es Salaam na wa Japani pia.

Na sisi walimu tusijitoe. Tumezoea kuhesabu kazi yetu kuwa imekwisha siku ya mtihani wa mwisho. Tunafundisha barua ya kuomba kazi, twaisahihisha kwa wino mwekundu, anwani kulia, tarehe chini yake. Lakini hatujamwonyesha mwanafunzi hata mmoja fomu ambayo ataijaza kweli. Kisha twamwacha aende peke yake kwa mtu anayelipwa kwa kila fomu, ambaye faida yake ni kumaliza upesi. Hatumlaumu sana mwenye kibanda. Anauza kuandika kwa haraka, nasi tumekwenda kununua shauri.

Neno la mwisho la wapinzani wetu ni hili, nalo tumelisikia kwa watu wazuri: kwamba tunawafundisha watoto kuombaomba, kutembeza misiba yao mbele ya wageni. Twajibu kwamba jina lake ni mkopo. Kijana huyu atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mpaka deni liishe. Mkulima akienda kukopa pembejeo katika chama cha ushirika hueleza ana miche mingapi, ana watoto wangapi, na mwaka jana alivuna nini. Hakuna amwitaye ombaomba. Kwa nini mtoto wake, anayekopa kwa jasho la miaka yake ijayo, ndiye aone haya kusema kwamba baba hayupo?

Kijana wa jirani tuliyeanza naye ameomba tena mwaka huu. Mwezi wa Februari, kabla ya shughuli za kahawa, mama yake alimtafuta aliyekuwa mtendaji wakati wa msiba, ambaye sasa ni mstaafu na anaishi Mlowo. Wakaandikisha kifo kwa kuchelewa, wakaenda Vwawa mara tatu, wakarudi na cheti, nacho kikapelekwa RITA kuhakikiwa. Safari hii fomu aliijaza mwenyewe kwa simu ya mwalimu, sisi tukimtazama. Alipofika mahali pa baba alikaa kitambo bila kugusa kitu, kisha akachagua "amefariki" na kuandika namba. Twaandika haya, na majina ya kundi la kwanza bado hayajatoka.